Kadi ya Mwisho Mkononi mwa Kipimo

Mwaka jana, kwa muda wa kama miezi minne, nadhani katika soko zima la hisa ni mimi peke yangu niliyekuwa naamka asubuhi nikiomba hisa zangu zishuke. Sikuomba zianguke. Zishuke kidogo tu, kistaarabu, mpaka thelathini na nne, zikae hapo dakika moja, halafu ziendelee na shughuli zao. Kichwa changu kiko sawa, asante kwa kuuliza. Ngoja nieleze.

Nafanya kazi kwenye duka la miwani la mjomba wangu, kaka yake mama. Mbele kuna kaunta na fremu zilizopangwa ukutani, katikati kuna chumba cha kupimia macho, na nyuma kabisa kuna mimi na mashine ya kusagia lenzi. Kati yangu na chumba cha kupimia kuna ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba mteja akipiga chafya mimi ndiye ninayesema pole. Kwa miaka miwili, ng'ambo ya ukuta ule alikuwepo mpima macho wetu, dada mmoja tuliyemwita Kipimo kwa sababu hajawahi kukadiria kitu maishani mwake. Ukimuuliza saa, hakwambii "kama saa tano hivi". Anakwambia saa tano kasoro dakika nne. Ukimuuliza kama ameshiba, anafikiri kwanza, halafu anasema, "Robo tatu."

Sauti yake ndiyo iliyokuwa redio yangu. "Tazama ubao. Ya kwanza, au ya pili?" Nasikia kioo kinabadilishwa. "Sasa hii, au ile?" Siku nzima ni hivyo hivyo. Mtu mwingine angechoka. Mimi nilikuwa nikisaga lenzi huku namjibu kimoyomoyo: ya pili, dada, hiyo hiyo ya pili.

Aliyetuingiza kwenye mambo ya hisa ni Mjomba, na aliyetufundisha kuziogopa ni Mjomba huyo huyo. Enzi za ujana wake alinunua hisa za kiwanda cha viatu kwa kumi na mbili. Zikashuka hadi kumi, akasema zitarudi. Nane, zitarudi. Zilipofika nne aliacha kusema, akawa anaguna tu. Kiwanda kilipofungwa, hisa moja haikutosha kununua kamba za viatu. Cheti chake alikitia kwenye fremu, akakitundika chini ya ubao wa herufi katika chumba cha kupimia. Mteja anayeweza kusoma jina la kiwanda kile akiwa amekaa kitini hahitaji miwani. Anahitaji tu kumpa Mjomba pole.

Kipimo alipoisikia habari hiyo mara ya kwanza hakucheka. Alikaa nayo siku mbili, siku ya tatu akaja na sheria.

"Mtu akishanunua anaanza kuipenda hisa yake," alituambia mimi na Mjomba wakati wa chakula cha mchana. "Akishaipenda, haoni vizuri. Kwa hiyo aliyenunua asiwe yeye wa kuangalia."

Sheria ilikuwa hivi. Kabla hujanunua, unachukua kadi tupu ya macho, zile tunazoandikia vipimo vya wateja. Unaandika jina la kampuni, bei uliyonunulia, na bei ya kutokea, yaani ile ambayo hisa zikishuka hadi hapo unauza bila mjadala. Kadi humpi dalali wala huweki mfukoni mwako. Unampa mwenzako. Yeye ndiye anayeangalia bei kila siku, na ikigusa pale, anakwambia neno moja tu: "Imefika." Unauza siku hiyo hiyo kabla soko halijafungwa. Hakuna "lakini", hakuna "ngoja nione kesho". Ukishauza, mshika kadi anaichana. Na mwenye hisa haruhusiwi kumuuliza mshika kadi lolote, maana Kipimo alisema kuuliza ndiko kunakoanzia kubembeleza.

Kadi zake Kipimo alishika Mjomba. Za Mjomba nilishika mimi. Zangu alishika Kipimo. Na sheria ilifanya kazi, usifikiri haikufanya. Tulikuwa tunapoteza kidogo kidogo, kama watu wenye akili, na zile zinazopanda tunaziacha zipande. Mimi nilikuwa nasikia konzi tatu kwenye mbao, halafu sauti: "Fundi. Imefika." Naacha lenzi, nachukua simu, nauza. Nikwambie ukweli, hasara zile hazikuwahi kuniuma vile zilivyopaswa.

Basi hospitali moja ya macho katika mji wa mbali ikampa Kipimo kazi. Mji huo huo una chuo cha wapima macho, na mimi nilikuwa nimeweka akiba miaka miwili ili nikasome pale. Elfu themanini. Ada ya kuanzia ni elfu sitini na sita. Zile themanini nilikuwa nataka kuziweka kwenye kampuni ya rangi za nyumba, hisa elfu mbili kwa arobaini, na kadi tuliijaza pamoja wiki moja kabla hajaondoka.

"Bei ya kutokea, thelathini na nne," alisema.

"Mbona isiwe thelathini? Tuipe nafasi ya kupumua."

"Kwa thelathini na nne unabaki na sitini na nane. Toa cha dalali, ada ipo. Chini ya hapo unaigusa ada."

"Na nikiigusa?"

"Hutakuja," alisema. Hakuniangalia. Alikuwa anaandika ile nne, na aliiandika polepole kuliko namba zote alizowahi kuandika.

Siku ya kuondoka alisimama mlangoni mwa duka na begi lake, teksi inanguruma nje. Akaniuliza, "Fundi, una la kuniambia kabla sijaondoka?"

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu miezi mingi nyuma, nimelipanga vizuri, lina mwanzo, lina kati, lina hata mahali pa kuvuta pumzi. Tatizo langu ni moja, nikiogopa mdomo unatangulia na mimi nabaki nyuma nauita. Nikasema, "Hiyo kalamu iliyoko mfukoni mwako ni ya duka."

Mjomba akacheka. Mteja aliyekuwa anajaribu fremu akacheka. Kipimo akaigusa kalamu, akacheka na yeye, kama robo. Akaingia kwenye teksi na kalamu yetu, na kadi zangu mbili: ile ya rangi, na nyingine ya hisa chache za benki nilizonunua za kujaribia.

Tangu hapo tukawa tunaandikiana kama majirani wanaopishana mtaani. Salama? Salama. Kazi? Nzuri. Mjomba? Anakusalimu. Kila nikiandika neno lenye uzito kidogo nalifuta, naweka kichekesho, halafu nakifuta na kichekesho. Mpima macho mpya aliyekuja dukani ni kaka mmoja mpole, sauti yake haivuki mbao. Siku ya kwanza nilizima mashine ili nimsikie. Siku ya pili sikuzima.

Kisha, mwezi ule ule wa kwanza, simu ikalia saa nne asubuhi. "Fundi. Imefika." Zile za benki. Niliuza huku bado tuko hewani, na baada ya kuuza hakukata. Aliniambia chumba chake kina dirisha linalotazama ukuta. Aliniambia watoto wa huko wanadanganya kwenye ubao ili wapewe miwani. Dakika kumi na moja. Najua kwa sababu simu inahesabu, na kwa sababu niliangalia hesabu hiyo mara nyingi kuliko nilivyoangalia bei yoyote.

Ikabaki kadi moja.

Sasa umeelewa kwa nini niliomba zishuke. Hisa za rangi zilizunguka kwenye thelathini na nane, thelathini na saba, zikapanda arobaini na moja, nikakasirika siku nzima. Mjomba akaniuliza, "Mbona umenuna, hisa zako si zimepanda?" Nikasema jino linauma. Na za kwake Kipimo zilikuwa zinapanda tu, kwa hiyo hata Mjomba hakuwa na sababu ya kumpigia mbele yangu nikasikiliza. Hiyo ndiyo shida ya kumtamani mtu makini. Hapotezi.

Jumanne moja, saa tano na dakika ishirini, bei ikagusa thelathini na nne.

Nilikaa na simu juu ya goti. Nilifuta kioo chake kwa kile kitambaa cha kufutia lenzi, ili akipiga nione vizuri jina. Saa sita. Saa saba. Saa nane ilikuwa thelathini na tatu na nusu. Saa tisa soko likafungwa, simu iko kimya, inang'aa.

Nikajiambia leo ana wagonjwa wengi. Jumatano nikajiambia mtandao wa huko mbovu. Alhamisi zikawa thelathini na mbili. Ijumaa habari zikatoka kwamba kampuni imepoteza mkataba mkubwa wa kupaka majengo, na wiki iliyofuata zikaanza kushuka ngazi mbili mbili. Mimi nikawa nimejificha nyuma ya sheria kama mtoto nyuma ya pazia, miguu inaonekana. Sheria inasema mshika kadi ndiye anayesema. Hajasema. Kwa hiyo haijafika. Thelathini. Ishirini na nane. Bado haijafika. Nilikuwa najua hesabu vizuri sana: kila ngazi inayoshuka inakula ada, na ada ndiyo njia yangu ya kwenda kukaa mji mmoja na yeye. Nilikuwa nachoma nauli ya kumfuata ili nimsubiri anipigie. Niliona upuuzi huo kabisa, waziwazi, bila miwani. Na bado sikuuza, kwa sababu nikiuza bila kuitwa, kadi imekwisha, na simu haitakuwa na sababu ya kulia tena.

Kazi nayo ikaanza kuniumbua. Mwalimu mmoja wa hesabu alirudi na miwani mipya, akaiweka juu ya kaunta taratibu. "Kijana," alisema, "kwa miwani hii ngazi za shule yetu zimeongezeka." Nilikuwa nimeigeuza lenzi yake upande. Mjomba akamwomba radhi, akampa kiti, akaja nyuma kwangu na kufunga mlango.

"Kadi yako ya rangi kashika nani?"

"Kipimo."

"Bei ya kutokea?"

"Thelathini na nne."

"Leo iko ngapi?"

"Ishirini na tatu."

Mjomba akavua miwani yake. Akiivua haoni hata mlango, kwa hiyo ukimwona kaivua, ujue anachotaka kutazama hakiko chumbani.

"Hajapiga," nikasema.

"Sijauliza kama kapiga."

"Sheria inasema mshika kadi ndiye..."

"Sheria naijua, bwana mdogo. Iliandikwa kwa ajili yangu." Akafuta miwani kwa ncha ya shati, jambo ambalo sisi tunawakataza wateja. "Unadhani zile za viatu sikuuza kwa nini? Nilisubiri bei? Kila mwisho wa mwezi nilikuwa navaa suruali safi naenda kwa dalali kuuliza. Wananipa kiti. Wananipa chai. Wananiita mzee, na mimi kijana. Ningeuza, mwezi unaofuata ningekwenda pale kutafuta nini?"

Nikaiegemea mashine ya kusagia lenzi.

"Ada mwisho lini?" akauliza.

"Ijumaa."

"Leo Jumatano. Ningekuongezea, ila pesa yangu yote imo ndani ya mashine unayoiegemea."

"Najua, Mjomba."

"Soko linafungwa saa tisa," akasema, akavaa miwani, akarudi kwa mwalimu wake.

Ilikuwa saa nane na robo. Nilitoa simu nikavunja sheria. Nikapiga mimi.

Akapokea kabla haijalia mara ya pili.

"Fundi."

"Imefika," nikasema.

Nilisikia kiti kinavutwa huko kwake.

"Hiyo ni kazi yangu kusema," alisema.

"Ndiyo maana nimepiga. Nilikuwa nangoja useme."

"Imefika tangu Jumanne ya wiki tatu zilizopita," alisema Kipimo. "Saa tano na dakika ishirini."

"Ulikuwa unajua."

"Najua bei yake kila saa. Naangalia kabla sijapiga mswaki. Siku ile nilishika simu nikatafuta jina lako, nikaona nikuache umalize kazi, nitakupigia saa sita. Saa sita nikasema saa nane. Halafu ikawa kesho. Kadi hii ndiyo iliyobaki, fundi. Nikisema lile neno, naichana. Baada ya hapo nitakupigia nikwambie nini? Kwamba kalamu bado inaandika?"

Nilikuwa nimesimama. Sikumbuki nilisimama saa ngapi. Yule mtu asiyekadiria, aliyetuandikia sheria ili mtu asipende akapofuka, alikuwa amekaa mbele ya dirisha linalotazama ukuta akisubiri kesho kama Mjomba na viatu vyake. Vichekesho vitatu vilinijia kwa mpigo, na kimoja kilikuwa kizuri kweli, mpaka leo nakisikitikia. Nikavimeza vyote.

"Siku ile mlangoni nilikuwa na la kukuambia," nikasema. "Halikuwa la kalamu."

"Najua halikuwa la kalamu."

"Basi."

"Basi nini? Lisemwe."

"Nakukumbuka mpaka nasaga lenzi za watu kinyume. Kuna mwalimu hapa nimemzidishia ngazi."

Alitoa pumzi, sikujua kama anacheka au la. Halafu sauti yake ikarudi ile ya nyuma ya mbao, imenyooka, ila chini kidogo. "Uza kwanza. Fundi, imefika."

Nikaweka simu kwenye spika, nikafungua programu ya dalali, nikaandika elfu mbili, nikabonyeza. Ilichukua muda mfupi kuliko kufuta lenzi moja. Zile namba nyekundu nilizoishi nazo zikaondoka, pakabaki nafasi nyeupe na jumla chini yake.

"Imeuzwa," nikasema.

"Kwa ngapi?"

"Ishirini na tatu. Nimebaki na arobaini na sita. Kwenye ada zimepungua elfu ishirini."

"Umesahau cha dalali. Ishirini elfu, mia nne na sitini."

"Ishirini elfu, mia nne na sitini."

"Kwa unavyoweka akiba, hiyo ni miezi sita."

"Kuna muhula unaoanza Julai."

"Julai," alisema. Nilijua vizuri kwamba kama kila mmoja wetu angefanya kazi yake ile Jumanne, ningekuwa nafunga begi. Naye anajua hesabu kuliko mimi.

"Sasa chana kadi," nikasema.

"Nitaichana."

"Sheria inasema ukishauza tu."

"Naijua sheria, niliiandika mimi." Nikasikia droo inafunguliwa na kufungwa. Karatasi ikichanwa sikusikia. "Mgonjwa wangu ameingia," akasema. "Ni bibi mmoja, anachukua muda. Usikate."

Akaiweka simu mezani. Nilisikia salamu, nikasikia fimbo inaegemezwa mahali, nikasikia bibi analalamikia mwanga. Halafu, kutoka mbali, dhaifu, kama kuna mbao nyingi sana katikati:

"Tazama ubao, bibi. Ya kwanza, au ya pili?"

"Zinafanana, mwanangu."

"Tazama tena. Hatuna haraka."

Kikapu cha lenzi kilikuwa kimejaa miguuni mwangu, na ya mwalimu ilikuwa juu kabisa, inasubiri kusagwa upya. Mjomba akachungulia mlangoni, akaniona nimekaa na simu sikioni na mashine imezimwa.

"Umeuza?" akauliza kwa midomo tu.

Nikatikisa kichwa kukubali. Akatazama kikapu, akatazama simu. Akaenda mbele, na redio ya kaunta, ambayo haizimwi tangu nijue duka lile, ikazimwa.

"Sasa hii," ilisema sauti, "au ile?"

Nilivuta stuli karibu na ukuta wa mbao, kwa mazoea tu, nikaendelea kusikiliza. Mashine sikuiwasha.